TULIITWA WASOMAJI

Nimepewa nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili, nami nataka kuitumia kwa kusema jambo moja tu. Mkristo asiyesoma Biblia yake kila siku, au karibu kila siku, anajinyima chakula na hali ghala iko wazi. Tena nasema kuwa kusoma huko yafaa kuwekwe mbele ya mambo mengine ya siku, wala si kungojewe mpaka mengine yote yaishe. Najua wako watakaosema kuwa hayo ni maneno ya mhubiri, na kwamba yamesemwa tangu zamani. Ni kweli yamesemwa tangu zamani. Lakini hapa Kampala tunayo sababu ya kuyasema ambayo watu wa miji mingine hawana, nayo imo katika jina letu.

Katika Kiganda neno kusoma lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ile ile ya Kiswahili, yaani kutazama maandishi na kuyafahamu. Maana ya pili ni kusali, kwenda kanisani, kuwa mtu wa dini. Mganda akisema siku ya Jumapili kuwa anakwenda kusoma, hakuna amdhaniaye kuwa anakwenda maktaba. Wakristo wa kwanza wa nchi hii waliitwa wasomaji. Waislamu waliowatangulia katika boma la Kabaka nao walikuwa watu wa kusoma, kwa kuwa nao walikuja na Kitabu. Basi kwa watu wa Buganda wa siku zile, mtu wa dini alikuwa ni mtu mwenye kitabu mkononi.

Tena sisi tuandikao kwa Kiswahili tunalo fungu letu katika habari hii, ingawa wengi hapa mjini hudhani kuwa Kiswahili ni lugha ya askari na ya sokoni tu. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa katika mwaka 1875, alikuwa pamoja na kijana mmoja jina lake Dallington Maftaa, aliyelelewa katika shule ya misheni kule Unguja. Stanley akaenda zake, Maftaa akabaki. Ndiye aliyemsomea Kabaka habari za Biblia na kumwandikia, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Wamisionari wa kwanza kutoka Uingereza walifika katika mwaka 1877, na Alexander Mackay akafika Novemba 1878. Yeye alikuwa fundi wa mitambo. Alichonga herufi za miti kwa mikono yake, akapiga chapa karatasi za kufundishia kusoma, na vijana wa barazani wakaja kwake mmoja mmoja.

Katika vijana hao alikuwako mmoja aliyeitwa Sembera. Mwezi wa Oktoba 1881 alimpelekea Mackay barua fupi aliyoiandika mwenyewe. Kalamu yake ilikuwa jani la nyasi lililochongwa, na wino wake haukujulikana umetengenezwa kwa nini. Barua ile ilikuwa kwa Kiswahili, na haja yake ilikuwa moja, kwamba anaamini maneno ya Yesu Kristo naye ataka kubatizwa. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano walibatizwa, na Sembera alikuwa mmoja wao. Angalieni mambo yalivyofuatana. Sembera alijifunza kusoma, akasoma, akaamini alichokisoma, ndipo akaomba maji. Hakuingia dini kwanza ili asome baadaye akipata nafasi.

Kisha kusoma kukawa jambo la kufa na kupona. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu waliuawa karibu na Natete, nao ni Kakumba, Lugalama na Serwanga. Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga alimkuta Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka kama 16, akiwa amerudi kumfundisha dini mwenzake, akamchoma mkuki. Siku iliyofuata wasomaji waliambiwa wajitenge upande mmoja, na wale waliojitenga walijua waendako. Tarehe 3 Juni wengi wao walichomwa moto Namugongo. Kila mwaka siku hiyo hiyo watu kwa maelfu wanakwenda Namugongo, wengine kwa miguu kutoka mbali sana. Hiyo ni desturi nzuri. Lakini yafaa tukumbuke kuwa vijana wale walihukumiwa kwa sababu ya kusoma, na mtu aendaye kuwaheshimu mara moja kwa mwaka, na hali kitabu chake kina vumbi, ameheshimu kaburi akasahau kilichowapeleka kaburini.

Katika miaka hiyo hiyo ya taabu Mackay na wenzake walikuwa wakipiga chapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Baadaye George Pilkington, akisaidiwa na Henry Wright Duta na wengine, aliifanya kazi hiyo mpaka mwisho, na Biblia nzima ya Kiganda ikatimia katika mwaka 1896. Wako waliokiona kitabu kile cha zamani, kifupi, chembamba kwa upana, kinene sana. Kilitengenezwa hivyo ili kiingie katika mkebe wa biskuti, mchwa wasikile. Watu walikinunua kwa simbi zao walizozipata kwa jasho. Na kwa miaka mingi desturi ya kanisa ilikuwa kwamba mtu asibatizwe mpaka aweze kusoma Injili, ila wazee na vipofu.

Sasa na tujitazame sisi. Hakuna kijana katika shule hii asiyejua kusoma. Biblia yapatikana kwa Kiganda, kwa Kiswahili, kwa Kiacholi, kwa Runyankore na Rukiga, kwa Kiingereza, na kwa lugha nyingine nyingi za nchi hii. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya jozi ya viatu. Tena mwenye simu anaweza kuipata ndani ya simu yake bila kulipa kitu. Mchwa hawatusumbui. Hakuna mfalme atungojaye mlangoni na mkuki. Je, twasoma?

Nionavyo mimi, wengi wetu tumegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wasomao kwa ajili ya mtihani. Somo la dini liko katika ratiba, lina maswali na lina alama. Mwanafunzi hujua safari za Paulo na miji yake yote, naye huweza kutaja sababu tano za hiki na matokeo sita ya kile. Silidharau somo hilo. Lakini mtihani ukiisha kitabu hufungwa, kwa sababu kilifunguliwa kwa ajili ya mtihani. Mtu huyo ameisoma Biblia kama asomavyo habari za mbolea na mashamba, naye hakulima.

Kundi la pili ni la wasomao wakati wa shida. Baba ameugua, karo haijapatikana, kazi imepotea, ndipo Biblia hutafutwa chini ya sanduku, ikafunguliwa mahali popote, na macho yakaanguka penye mstari wowote. Mungu ni mwenye rehema, naye huwasikia hata hao. Lakini mtu hajifunzi kuogelea siku ile mtumbwi umezama. Wale ambao shida haikuwaangusha ni wale waliokuwa na maneno moyoni tayari kabla ya shida kuja.

Kundi la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni la wasikiao Jumapili tu. Hao husema kuwa kasisi husoma kwa niaba yao. Husikia mafungu mawili au matatu, wakarudi nyumbani, na mpaka Jumapili ya pili hawakumbuki hata moja. Mtu alaye mara moja kwa juma hatashangaa akiona miguu yake inatetemeka.

Hapa pana jambo zito kuliko uvivu, nami naomba mnisikilize vizuri. Mtu asiyesoma mwenyewe humpa mtu mwingine roho yake aichunge. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu katika nchi yetu hii, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kikundi kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wao waliwaambia kuwa wamepata maono na kwamba mwisho wa dunia umefika. Katika mwaka 2023 huko Kenya, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Sisemi kwamba marehemu wale hawakuwa na Biblia. Wengi bila shaka walikuwa nazo. Tena sisemi kuwa walikuwa wajinga, maana wako waliokuwa na elimu nzuri. Nasema kwamba katika mahali pa namna hiyo sauti ya mtu mmoja huwekwa juu ya Kitabu, na wasikilizaji huacha kuuliza, "Imeandikwa wapi? Na kabla yake imeandikwa nini, na baada yake nini?"

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, tunasoma habari za watu wa Beroya. Paulo mwenyewe aliwahubiri. Hao hawakumkataa, wala hawakumeza tu. Walifungua Maandiko kila siku ili wajue kama asemayo ni kweli, na kwa ajili hiyo wakasifiwa. Kama Paulo alipimwa, na kupimwa kwake kukahesabiwa kuwa heshima, je, mhubiri wa leo ni nani hata asipimwe? Siku hizi wahubiri ni wengi mjini, wako katika mabiashara ya nguo na vibao, katika redio na katika simu. Wako wakweli, na wako wauzao maji na mafuta kwa bei. Kijana asiyeisoma Biblia atawatambuaje? Ataangalia suti na gari. Bali yule aliyeisoma yote, pole pole, mwaka baada ya mwaka, mara moja atasikia pale neno lilipopotoka, kama mama asikiavyo kinu kikigonga vibaya.

Sasa na tuzijibu hoja za wale wasiokubali, maana si haki kusema upande mmoja.

Hoja ya kwanza ni ya wakati. "Kengele ya asubuhi, kufagia, chai, masomo, michezo, masomo ya usiku, saa ya kusoma Biblia iko wapi?" Na wanafunzi wa zamani husema, "Barabara imejaa magari, natoka nyumbani gizani na kurudi gizani." Mimi najibu kwa hesabu. Agano Jipya lina sura 260. Mwaka una majuma 52. Sura tano kwa juma humaliza Agano Jipya lote kwa mwaka, na Jumamosi na Jumapili ukapumzika. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma sura tatu kila siku na tano siku ya Jumapili, utaimaliza kabla mwaka haujaisha. Mithali ina sura 31, moja kwa kila siku ya mwezi mrefu. Injili ya Marko yote, sura zake 16, husomwa kwa muda usiofika saa mbili. Nimewaona watu wasio na wakati wakikaa dakika 90 wakitazama Arsenal, na dakika nyingine 90 wakibishana juu ya Arsenal. Sina ugomvi na mpira. Nasema tu kwamba wakati upo, na kila mtu huutoa kwa akipendacho. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima mtu aanze kutia hiyo haba.

Ndiyo sababu nasema kusoma kuwekwe mbele. Kitu kinachongojea nafasi hakipati nafasi. Mkulima hatafuti wakati wa kupanda baada ya kumaliza shughuli zake zote. Mvua ikinyesha hupanda, na shughuli nyingine hungoja. Asubuhi kabla ya kengele, au usiku kabla ya taa kuzimwa, chagua moja, ukae nayo.

Hoja ya pili husema, "Nasoma lakini sifahamu." Hiyo ni hoja ya kweli, wala si aibu. Katika Matendo sura ya 8 yuko ofisa mmoja mkubwa wa Ethiopia, mtunza hazina ya malkia, aliyekuwa akisoma kitabu cha Isaya ndani ya gari lake njiani. Filipo alipomwuliza kama anafahamu asomayo, alijibu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza. Basi tazama, mtu wa Afrika, mwenye cheo, hakuona haya kusema hivyo. Lakini alikuwa anasoma! Filipo alimkuta kitabu kiko wazi magotini. Asiyefungua kitabu hata Filipo akija hatakuwa na la kumweleza. Dawa ya kutofahamu ni kusoma tena, na kuuliza, na kusoma pamoja na mwenzako.

Nao wenzetu wengine wanasoma kwa lugha wasiyoijua vizuri, ndipo hawafahamu. Kijana husoma Kiingereza cha zamani cha kifalme, kwa kuwa aona ni kizuri masikioni, hali hakielewi nusu yake. Isome kwanza kwa lugha ya mama yako, lugha unayoota ndoto kwayo, halafu uisome kwa lugha ya pili. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka katika mwaka 1891, na ile ya Union, iliyoziunganisha lugha za Unguja na Mvita ili watu wote wa pwani na bara wasome kitabu kimoja, ilitoka katika mwaka 1952. Mtu akiweka Biblia ya Kiganda mkono wa kulia na ya Kiswahili mkono wa kushoto, ataona neno lililofichwa huku likijieleza kule. Tena Kiswahili chake kitanyoka, jambo ambalo mwalimu wetu wa Kiswahili atafurahi kulisikia.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili. Husema, "Wasomaji wenyewe walifanya nini? Walipigana." Ni kweli. Tarehe 24 Januari 1892 wasomaji wa upande wa Waprotestanti na wasomaji wa upande wa Wakatoliki walipigana vita pale Mengo, wakauana, na kanisa la Rubaga likachomwa moto. Waliitwa Waingereza na Wafaransa, na hali wote walikuwa Waganda, wengine ndugu wa ukoo mmoja. Miaka sita tu kabla ya hapo vijana wa pande zote mbili walikufa katika moto mmoja Namugongo. Mimi sitalificha jambo hilo. Linatuonya kwamba mtu aweza kusoma kitabu kama atafutaye fimbo ya kumpigia mwenziwe. Huchagua mistari yake, akaiacha mingine. Lakini dawa ya kusoma vibaya si kutosoma. Asomaye yote, pamoja na sura zile zinazomkemea yeye mwenyewe, atakutana mapema na amri ya kumpenda adui, na hatapata njia ya kuizunguka. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Nanyi mnajua kwamba kugawanyika huko kumepunguka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo ya tarehe 18 Novemba 1965, uliwahimiza Wakristo wote wasome Maandiko mara kwa mara, si makasisi na watawa peke yao. Basi kijana wa Rubaga na kijana wa Namirembe hawana tena udhuru wa kumwachia mwenzake kazi hiyo. Na wote wawili wajifunze kwa jirani yao wa Kibuli. Wenzetu Waislamu huamka alfajiri, na tangu utotoni husomeshwa Kurani chuoni, sura kwa sura, mpaka iwe kifuani. Ni vibaya Mkristo kusifu bidii ya jirani yake na yeye mwenyewe akalala.

Wako wasemao kuwa jambo kubwa haliwezi kutoka katika kitu kidogo kama kusoma sura moja chumbani. Nawakumbusha mambo ya Septemba 1929. Pale Namirembe walikutana watu wawili, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini katika Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoka rohoni. Hawakuitisha mkutano, wala hawakuandika ombi la fedha. Walikaa pamoja, wakafungua Biblia, wakasoma na kuomba. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea kutoka Rwanda na Uganda mpaka Kenya na Tanganyika, na mpaka leo wako watu katika nchi hizo wajiitao Balokole. Mtu aweza kuwasifu au kuwalaumu Balokole kwa mambo mengi. Lakini hakuna awezaye kusema kuwa walianza kwa fedha au kwa ukubwa. Walikuwa watu wawili na Biblia.

Kabla yao alikuwako Apolo Kivebulaya. Alibatizwa katika mwaka 1895, na kabla ya mwaka 1896 kwisha alikuwa amevuka mpaka Mboga, upande wa Kongo, kufundisha watu kusoma. Chifu Tabaro aliamuru apigwe, akapigwa mpaka akadhaniwa amekufa. Hakuondoka. Mwishowe Tabaro mwenyewe alibatizwa. Katika uzee wake Apolo aliwaendea Wambuti wa msituni, akaitafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Alikufa Mei 1933. Mtu huyo alitoka katika vilima hivi hivi tunavyoviona madirishani mwetu. Je, angeweza kuwapa watu wa msituni kitabu ambacho yeye mwenyewe hakisomi?

Sasa nitoe mashauri yangu, wala si mengi.

Kwa wanafunzi: anzeni na Injili ya Marko, kwa kuwa ni fupi na inakwenda upesi. Msianze na Mwanzo kwa nia ya kufika Ufunuo kwa juma moja. Wengi walioanza hivyo walichoka katikati ya Mambo ya Walawi wasionekane tena. Someni sura moja, mkae kimya kidogo, mwandike neno moja katika daftari. Mkiweza, tafuteni mwenzenu mmoja wa kusoma naye, muulizane. Aliyekosa siku moja asikate tamaa akaacha yote. Aendelee kesho yake pale alipoachia. Na kama mnatumia simu wakati wa likizo, jueni kwamba Biblia ya karatasi haileti ujumbe wa rafiki katikati ya mstari.

Kwa waalimu na wakuu wa shule: naomba msiwalazimishe. Kitu kinachosomwa kwa kuogopa fimbo huachwa siku fimbo inapoondoka, nasi tumewaona wengi walioiacha dini langoni mwa shule pamoja na sare zao. Wapeni vijana chumba na robo saa ya utulivu kabla ya masomo, atakaye aje, na asiyetaka asiulizwe. Jambo la hiari hukaa.

Kwa wanafunzi wa zamani: ninyi ndio mnaotazamwa. Mwana humwona baba yake akisoma gazeti, akisoma hesabu za duka, akisoma simu mpaka usiku wa manane. Kama hajamwona hata siku moja akisoma Biblia, ataamini macho yake kuliko masikio yake. Someni nyumbani baada ya chakula, mafungu machache, mtoto mmoja asome kwa sauti, zamu kwa zamu. Samaki mkunje angali mbichi. Tena ye yote apendaye kuisaidia shule, alete Biblia chache za Kiswahili na za lugha zetu kwa maktaba, maana vijana wengine hawana zao.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 22, imeandikwa habari ya kitabu cha torati kilichopatikana wakati wa mfalme Yosia. Jambo la kushangaza ni mahali kilipopatikana. Hakikuokotwa jangwani wala katika nchi ya adui. Kilikuwa kimepotea ndani ya nyumba ya Mungu, na makuhani walikuwamo humo wakiendelea na kazi zao. Nasi tuna shule ya Kikristo, tuna kanisa lenye kengele, tuna wimbo wa shule na sala ya asubuhi. Yote hayo yanaweza kuendelea vizuri sana na Kitabu kikawa kimepotea humo humo.

Babu zetu waliitwa wasomaji na watu waliowachukia, nao hawakulikana jina hilo. Sisi tumelirithi bila kulipa simbi hata moja. Atakaye kulistahili na achukue Biblia yake usiku huu, aiweke karibu na mto wake, na kesho kabla ya kengele asome Marko sura ya kwanza. Ina mistari 45. Chai haitapoa.

Mwanafunzi wa Zamani,
Kampala.